Soksi Tengani

Saa kumi na moja alfajiri, Wete.
Mvua ya masika haipigi hodi.
Mimi na baskeli tumeegemea ukuta wa tanuri
kama wadeni wawili,
tunangoja boflo zitoke.

Mia na ishirini. Zinahesabiwa, zinapangwa tengani,
zinafunikwa nailoni mbili, ya chini na ya juu,
zinakazwa kwa mpira wa tyubu
kama kichanga anayepelekwa kliniki.
Boflo ikilowa haina mnunuzi.
Mguu ukilowa, nani aliyewahi kuuulizia bei?

Hila zote nimezijaribu.
Mabuti ya mpira, kanipa shemeji yangu wa bandarini:
hayaingizi maji, kweli,
ila yakishaingia kwa juu hayatoki.
Nilifika Ukunjwi nimevaa visima viwili,
kila nikikanyaga, kisima kinacheka.
Ndara: nilifika na moja.
Peku: jaribu wewe.
Chuma cha pedeli saa hizo kina meno,
na mvua ya upepo inakuja mshazari
ikitafuta vidole tu,
kimoja kimoja, kama mtoza kodi.

Zamani palikuwa na mifuko ya plastiki.
Mama akinivika mmoja kila mguu,
akinifunga uzi kifundoni,
naingia skuli nachakarika
darasa zima linageuka.
Kisha ikapigwa marufuku, na ni haki,
ilikwishaziba mitaro yote ya mji.
Siku hizi nakata bitana ya gunia la sukari.
Sisimizi wanakuja kunisalimia,
maji nayo yanakuja.

Kilima cha Bopwe nakipanda kwa miguu isiyo yangu.
Udongo mwekundu, sabuni tupu.
Mgongoni joto la mikate linanipumulia
mpaka jasho linanitoka,
chini ya magoti hakuna habari yoyote.
Mtu mmoja, misimu miwili.

Raya ndiye aliyeliona.
Ananikanda kwa mafuta ya nazi na thomu,
vidole vimekunjamana kama vya maiti aliyeoshwa mara mbili
(kauli yake hiyo, si yangu),
akasita, mkono juu ya kisigino:
"Joto unalipakia kila siku, unawapelekea watu.
Umeshindwa kujikatia kipande?"

Akafua soksi za kijivu,
akaziviringisha kwenye kipande cha kanga,
akaniambia, hizi ziweke katikati,
katikati kabisa, pale mikate inapobanana.

Gando, barazani kwa Mbwana Kai, duka bado limefungwa.
Nikajifuta. Nikafungua kile kitambaa.
Zilikuwa moto. Zilinukia hamira.
Nikavaa, nikakaa kitako, sikusema kitu.
Vidole vikarudi kimoja kimoja
kama watoto walioitwa kula,
wa mwisho yule mdogo wa kushoto,
mkaidi tangu kuzaliwa.

Nikadhani nimeshinda.
Juzi kitambaa kikafunguka njiani,
na Bi Kazija, anayechukua boflo sita,
akanyanyua ya saba, ndefu, laini, ya kijivu.
"Shaame. Hii nayo bei gani?"
Nilitamani ardhi inimeze pamoja na baskeli.
Akaigeuza. Akainusa.
Akatia kidole kwenye tundu la kisigino,
akanitazama miguu,
akaingia nayo ndani.

Kesho yake akanirudishia imeshonwa, uzi mwekundu,
na juu yake jozi nyingine, nyeusi, imekunjwa vizuri.
"Za mzee wangu. Anatoka lindoni saa unayopita wewe.
Zipitishe humo."

Basi tenga langu sasa
lina mikate mia na ishirini na soksi nne.
Mwenye tanuri hajui.
Nawe usimwambie.