Maelekezo ya Mama Mkwe

Aliyaandika nyuma ya risiti ya dawa
kwa kalamu ya risasi ya kupimia vitambaa,
akaiweka mezani, si mkononi mwangu,
maana mkwe ni mkwe
hata mkiishi Kaptembwa, ukuta wa bati baina yenu,
na kila kikohozi chake unakijua.

*Shuka Usenge. Usipande pikipiki, utavipita vitu.
Tafuta kinu cha pamba.
Kwenye mkuyu uliopigwa radi, kata kushoto.
Ulizia njia ya mafunjo.
Ukifika utajua.*

Basi nikaenda, mimi mtu wa Molo,
mtoto wa umande na viazi,
likizo ya siku tatu, kucha zangu
bado nyeusi kwa mpira wa magurudumu.
Yeye miguu imemkatalia. Binti yake yuko zamu.

Kinu nilikipata. Yaani, nilipata ukuta mmoja,
mbuzi watatu katika kivuli chake,
na mizani ya chuma iliyoota kutu,
mshale umekwama kwenye sitini,
kana kwamba mtu wa mwisho aliondoka
bila kuushusha mzigo wake.

Mkuyu haukuwepo.
Nikamuuliza Nyagudi, mkata mafunjo,
panga lake limefungwa kwa utepe wa mkoba wa shule.
"Si huu hapa," akanionyesha kibanda cha kuchaji simu.
"Ulianguka mimi sijaota ndevu.
Lakini hapa ni Mkuyuni.
Ulitaka tupaiteje?"

Kushoto kulikuwa na maji, lakini alinipeleka kulia,
kwenye msitu wa Got Ramogi, jua likichoma.
Mlima ukikuona kwanza, alisema,
maji hayatakushangaa.
Njiani miti ilikuwa na majeraha ya adabu:
gome limechunwa upande mmoja tu, kiganja kwa kiganja.
"Ukichuna pande zote unazika wawili,
mti na mgonjwa wako."
Sikumwambia kuhusu risiti mfukoni mwangu,
upande ule mwingine, wenye bei.

Kule juu nilikaa kwenye jiwe, nikapumua.
Kinamasi cha Yala kilitanda kijani mpaka macho yakachoka,
na Ziwa Sare katikati
kama kioo alichokisahau kinyozi nyasini.
Nyuma yake ziwa lile kubwa, lisilo na haraka.
Nilipiga picha kumi na moja.
Zote zimetoka kama picha ya shamba la mtu.

Jioni tukaingia mafunjo.
Yamekuzidi kimo, yanafunga mlango nyuma yako.
Ndege mwenye kifua chekundu alilia mara moja
akajinyamazia, kama aliyekosea nyumba.
Kwenye tope, nyayo za nzohe, ndefu, zimepanuka,
utadhani kuna mtu kapita akitembea kwa vijiko.
Mwenyewe hatukumwona.
"Yeye ametuona," Nyagudi akasema, "inatosha."

Hapo ndipo simu ikalia.
Mama mkwe, ambaye miaka sita
salamu zake kwangu zilipitia kwa mjukuu,
alikuwa akinipigia mwenyewe.
"Umefika?"
"Nadhani, Mama."
"Usidhani. Inyanyue simu."
Nikaiinua juu ya kichwa, mkono umenyooka,
upepo ukapita kwenye vichwa vya mafunjo,
nami nikasimama pale kama mlingoti, nikiona haya.

Nilipoirudisha sikioni alikuwa kimya.
Kisha: "Hapo siyo. Hapo panalia pakavu.
Songa kushoto."
Nikasonga.
"Bado."
Nikasonga tena, kiatu kikabaki,
Nyagudi akacheka, akanishika mkanda.
"Umezama hadi wapi?"
"Magotini, Mama."
"Mm," akasema, na nikasikia
kitanda chake cha Nakuru kikilia, akijigeuza.
"Sasa umefika."