Weka Kijiko Juu Yake

Zilibaki wiki mbili skuli zifunguliwe,
nami nina sare arobaini na moja za watoto wa watu
na cherehani ya miguu iliyoanza kukohoa.
Saa tano usiku, Wete imelala,
nikaiona kiooni:
cherehani ya umeme, nyeupe kama jino la mtoto,
laki moja na thamanini tu,
ile ile ambayo Chake dukani wanaitaja laki nne
na hawashuki.

"Imebaki moja, dada."
Dada! Na hanijui.
"Watu hamsini na saba wanaiangalia sasa hivi."
Nikawaona kabisa hao hamsini na saba,
wamejipanga mlangoni kwangu na viatu vyao,
wananitangulia.
Nikatuma nusu.

Asubuhi akataka ya bima. Nikatuma.
Adhuhuri akataka ya bandari. Nikauliza risiti.
Alasiri picha yake ikawa kivuli cha kijivu kisicho na uso,
na ujumbe wangu ukabaki na tiki moja,
kama mtu aliyeachwa kasimama kwa mguu mmoja.

Duka, walisema, liko Darajani, ghorofa ya pili.
Nikampigia Haroub, mtoto wa Zuwena, anayesoma Unguja.
Akenda. Akanipigia yuko juani, anahema:
"Mamdogo, hili jengo halina ghorofa ya pili.
Chini kuna mtu anauza betri za saa,
juu kuna bati,
juu ya bati kuna kunguru."

Siku tatu sikumwambia mtu.
Nilishona kwa miguu mpaka magoti yakawa na sauti.
Mama alituonya na mbuzi wa kwenye gunia.
Hakuwahi kutwambia kwamba gunia litakuja na kioo
na mbuzi ndani yake anacheka.

Usiku wa nne nikarudi kuitazama ile picha,
si kwa kuitaka tena,
ila kama mtu anavyorudi kutazama jiwe alilojikwaa.
Ndipo nilipomwona paka.
Pembeni ya meza, kushoto: mkia tu, na sikio moja.
Nikafungua duka jingine, jina jingine, namba nyingine.
Paka yule yule.
La tatu, linalojidai liko Arusha:
mkia, sikio.
Na chini yake wateja wenye furaha,
"Nimepokeya mzigo wangu ahsante",
kumi na mmoja, wote ndani ya dakika moja,
wote na ile y isiyo na kazi.

Sasa nina kijiko.
Mtu akinambia ana friji, ana pasi, ana mashine ya kusagia,
simbishii bei. Namwandikia:
weka kijiko juu yake, upige picha sasa hivi.
Basi.
Mmoja alinitukana.
Mmoja aliniuliza kijiko cha aina gani, akapotea.
Mmoja alinitumia picha ya kijiko peke yake,
kizuri kweli, kinang'aa,
na bei yake.

Ni Bi Mgeni wa Mkoani tu aliyekiweka,
kijiko cha chai, majani bado yameganda,
juu ya cherehani iliyobanduka rangi ubavuni.
Hata hivyo sikumtumia hata senti.
Nilipanda gari alfajiri, nikafika, nikaomba kitambaa,
nikapiga mshono wa kwenda na wa kurudi,
nikaukata uzi kwa meno,
ndipo nikafungua pochi.
Laki mbili na nusu. Naye hakushuka.

Paka bado anazunguka.
Kila nikimwona naripoti, na kila wiki anazaliwa upya.
Juzi kamfikia jirani yangu Raya:
mkia, sikio, imebaki moja, dada.
Alikuja kunionesha, uso umemwangaza,
kidole kiko karibu ya kubonyeza.
Sikumpa hotuba.
Niliingia jikoni
nikamletea kijiko.