Kitufe cha Msaada

Herufi A ilikufa Jumatatu, saa nne asubuhi,
katikati ya barua ya mirathi.
Mwajabu Kigwe yuko kwenye stuli ya plastiki,
mkoba mapajani, anasoma kioo pamoja nami:
Mrehemu bb yngu lich kiwnj Chnik.
"Hicho ni Kiswahili cha wapi?"

Nikabonyeza. Nikapuliza. Nikaipindua kibodi,
ikamwaga makombo ya maandazi, pini ya stepla,
miaka kumi na moja ya vumbi la Kisutu.
Wapi.
Jaribu wewe kushinda siku moja ya Kiswahili bila A.
Mke niliweza, mume niliweza,
ndoa ikagoma.
Deni lilitoka lote, halikupungua hata herufi.
Haki ikawa hki,
kama kwikwi.

Kibodi mpya, elfu ishirini na tano.
Droo ina elfu sita na risiti za luku.
Akaja Gwakisa, fundi wa Mtaa wa Aggrey,
akaitazama safu ya juu,
vile vitufe kumi na viwili
vilivyokaa kama wageni wa meza kuu:
wanakula, hawabebi sahani.
"Huyu wa kwanza kazi yake nini?"
Msaada, nikasema.
"Umewahi kumwomba?"
Mara moja, kwa bahati mbaya.
Likafunguka dirisha jeupe,
likaniambia hakuna mtandao.

Mashine ilikataa kwanza:
kitufe hiki kimetengwa.
Kimetengwa na nani, kwa ajili ya nani, haikusema.
Viti vya namna hiyo viko pale mahakamani,
vitupu tangu nianze kazi.
Gwakisa akaandika mstari mmoja kwenye kioo cheusi,
akazima, akawasha, tukangoja.
Akabonyeza Msaada
ikatoka a.
Ndogo, ya mviringo,
kama mtoto anayemfungulia daktari mdomo.

Tangu hapo kidole cha mwisho, mkono wa kushoto,
kilipanda ghorofa tatu kwa kila A,
kikashuka kinahema.
Nikiandika baba, naomba msaada mara mbili.
Talaka, mara tatu.
Mahakama, mara nne, na kesi haijatajwa bado.
Mungu tu
nilimwandika bila kumsumbua mtu.

Mwajabu alilipa elfu mbili.
Akaisoma karatasi tena, polepole,
akihesabu, nadhani, kama baba yake
amerudishiwa herufi zake zote.

Mwaka huu tajiri kanunua kompyuta mpya.
A imerudi kwake, inang'aa, laini kama sabuni.
Lakini kidole hakuna aliyekiambia.
Jana nilikuwa naandika jina langu mwenyewe,
kikapanda,
dirisha jeupe likafunguka, safari hii na mtandao upo:
Unahitaji msaada gani?

Nikaliangalia kidogo
kabla ya kulifunga.