Kaskazini Imehama

Ramani niliinunua Entebbe, kwa karani
aliyeifuta vumbi kwa kiwiko cha shati.
Bulemeezi, upande wa mto Lugogo,
ilichorwa kabla sijazaliwa.
Mistari ya miinuko, rangi ya kahawia,
imejikunja kama utando wa maziwa yanayopoa.
Pembeni, kwa herufi za kimo cha sisimizi, onyo:
kaskazini ya dira huhama kidogo kila mwaka.
Nikapiga hesabu kwa penseli. Miaka sitini na kitu.
Imehama vya kutosha kumpoteza anayeiamini.

Nilikuwa natafuta visivyokuwapo tena:
kinu cha pamba, mraba mweusi kama jino bovu;
soko penye njia panda
ambapo leo pana mihogo tu.
Walipouza pamba, pesa zilidondoka,
senti za tundu, zile zilizotungwa kambani
zikafungwa kiunoni. Kamba hukatika.
Hiyo ndiyo elimu yangu yote: kamba hukatika,
na udongo haurudishi chenji.

Mashine hii si ngeni mikononi mwangu.
Kule Gulu nilifagia njia kwa dada yake,
nikipiga magoti mbele ya kila mlio,
nikichokoa kwa ncha ya kisu, pumzi nimeiweka kando.
Sajini Odongkara alisikia mlio mmoja vibaya.
Nimestaafu. Sasa mlio ni senti.
Najiambia hivyo.

Niliposalimia kwa Kiswahili, milango ilifungwa.
Si kwa kishindo. Polepole, kama kope.
Hapa lugha hii ilikuja imevaa buti,
ikauliza maswali usiku.
Kiganda changu ni cha sokoni, cha bei na asante.
Nikakaa kwenye kisiki, ramani magotini,
nikangoja wanione nimechoka.

Aliyetoka ni Bukirwa, mjane, jembe begani.
Hakuuliza mimi ni nani. Aliuliza, nami nikaelewa nusu,
kama chuma changu kinasikia chuma kilichofichwa.
Shemeji yake Lutaakome anausogeza mpaka
msimu kwa msimu, mgomba kwa mgomba,
na jiwe la mpima ardhi, lenye pini katikati,
halijaonekana tangu mazishi.
Hati ya marehemu inasema: futi mia nne na kumi
kutoka kona ya barabara.
Barabara ya leo haina kona. Ilinyooshwa.
Ya kwenye ramani inayo,
hapo hapo, ubavuni mwa kinu changu.

Basi kinu nilikipata, kwa kazi ya mtu mwingine.
Tukavuta kamba. Mashine ikalia: kizibo cha soda.
Ikalia: ganda la risasi, kijani kwa kutu.
Ikalia: ganda.
Ganda.
Bukirwa aliyaokota akayatia kwenye pindo la kitenge
kama anayechambua maharage.
"Haya nayajua," alisema. "Tafuta nisilolijua."

Chini ya mgomba wa tano wa Lutaakome
mlio ulitulia, mzito, haukutetemeka.
Mwili wangu ulilala kifudifudi kabla sijauamuru.
Kisu. Saruji iliyomumunyika kama sukari guru.
Kisha pini, imesimama wima,
imengoja bila kumdai mtu.
Lutaakome alikuwa amefika, mikono mgongoni.
Alitazama pini, akatazama mgomba,
akasema mgomba ule aliupanda gizani.
Hatukumuuliza giza gani.

Nikakunja ramani kwa mikunjo yake ya zamani.
Nilikuwa nimeshageuka kuondoka
Bukirwa aliponiita, kwa Kiswahili,
maneno mawili aliyobaki nayo tangu vita,
yaliyotamkwa juu ya kichwa chake akiwa binti:
"Kaa chini."
Akaelekeza mkeka. Matooke yalikuwa yanafuka
ndani ya jani lake.

Nilikaa.
Senti sikupata hata moja.