Siku ya Mia Tisa na Mbili

Leo saa tatu asubuhi nitafungua vali
niipumzishe chumvi ya Ottfried.

Yeye ndiye aliyeiweka kinuni, Machi ya mwaka juzi,
theluji ya Harz ikiwa bado imeng'ang'ania paa la maabara.
Akaichora mshale wa penseli ubavuni: *juu ni huku*,
kana kwamba mita mia saba na themanini chini ya ardhi
kuna mtu angeuliza.

Haikukatwa kwa maji.
Ukiikata chumvi kwa maji utabaki na hadithi.
Tuliikereza kavu, unga wake ukitukolea midomoni,
na kabla ya kuivika mpira mweusi
Ottfried akairamba.
"Si kipimo," alisema. "Ila ni adabu kubisha hodi."

Graniti naielewa.
Graniti ni shahidi mwenye kiburi:
unabana, inakana; unabana, inakana;
mshale wa saa unapanda, unapanda,
halafu paa! Vigae vinagonga kioo cha kinga,
unaandika nambari moja, unakwenda kula.
Dakika kumi na moja, kesi imekwisha.

Chumvi haikani.
Wala haikubali.
Inasogea.
Leo unene wa unywele, wiki ijayo nusu ya unywele,
mwezi ujao huna hakika kama ni yenyewe iliyosogea
au ni jicho lako.
Mtu mzima tunasema kala chumvi nyingi.
Na chumvi yenyewe, iliyobaki pale bahari ilipokauka
kabla ndege wa kwanza hajajua kuruka,
tuseme imekula nini?

Wakubwa wa Hanover wanataka nambari.
Je, pango litajifumba juu ya mapipa tunayoyaogopa?
Kwa miaka mingapi? Kwa joto gani?
Ottfried aliwajibu kwa kiatu.
Alikisahau ujanani, kwenye kishubaka cha mgodi,
na aliporudi baada ya miaka tisa
ukuta ulikuwa umekimeza hadi kamba;
akavuta, akavuta, akapata soli.
Hanover hawakucheka.
Waliomba jedwali.

Siku ya mia tatu na arobaini alistaafu. Tulikula keki ya cheri.
Siku ya mia nne na tano umeme ulikatika usiku
nikalala sakafuni kando ya pampu,
nikiipampu kwa mkono kila robo saa,
kama mtu anayeuguza.
Siku ya mia sita na kumi na moja Irmtraud, mkewe, alipiga simu.
Nikaandika joto: thelathini na tano nukta sifuri.
Shinikizo: halijabadilika.
Sikuandika lingine.
Daftari halina safu ya mambo hayo.

Sasa saa tatu.
Nafungua. Mafuta yanashuka kwenye bomba yakikoroma,
mshale wa shinikizo unarudi sifuri,
nami, mjinga, nasubiri chumvi nayo irudi.
Kidogo tu, unywele mmoja.
Kisha inatulia hivyo ilivyo:
fupi, imetuna kiuno kama pipa,
na mshale wa Ottfried umepinda pamoja nayo,
*juu* limenenepa, *huku* limebonyea.

Irmtraud aliuliza juma lililopita
kama kanuni zinaruhusu apewe.
Haziruhusu. Itakatwa vipande vyembamba
vitazamwe kwa hadubini, kila kipande na lebo yake.
Nimemwambia hivyo, akasema ahsante, akakata simu.

Msumeno wetu una mazoea ya kula.
Ripoti itasema: milimita nane zimepotea kwenye ukataji,
upande wa penseli.

Kabla sijauwasha nimetazama mlango,
nikairamba.
Mafuta ya mashine.
Mafuta, mpira,
na nyuma kabisa, ulimi ukiwa umekwisha kata tamaa,
ndiyo hiyo.