Kipimo cha Shingo

Miaka kumi na minne Kibuye, nyuma ya vibanda vya mitumba,
nimepima shingo za watu.
Ukipima shingo unasimama karibu, karibu kuliko mdai,
nami nilidhani watu wa mji huu wana adabu ya kutazama juu.

Juu pana mabati tu, na kutu.

Bwana harusi mmoja wa Nyalenda alibana pumzi
hadi mishipa ikamtutumka; nikaandika kumi na sita.
Jumamosi kola ikampwaya kama kamba ya mbuzi aliyetoroka.
Akailaumu futi yangu.
Nikanunua futi mpya.

Ni Awiti, mjukuu wangu wa darasa la pili, aliyesema,
pini zikiwa mdomoni mwangu, gauni lake la ubatizo magotini:
"Kwara, kuna kitu kimekufa kinywani mwako."
Hakucheka, hakukunja pua. Alisema kama mtu
anayekwambia kamba ya kiatu imefunguka.

Nikasingizia omena. Nikasingizia kitunguu.
Nikatafuna karafuu, peremende, majani ya mpera,
hadi nikanuka kama pilau lililolala.
Kisha nikaacha kuzungumza.
Cherehani ikasema kwa niaba yangu.

Kule hospitali tunayoiita Russia, Daktari Khasandi
hakuniuliza nimekula nini. "Toa ulimi, mzee."
Nikautoa, mimi shemasi, mbele ya binti wa watu.
Akanipa kioo: huko nyuma mweupe,
kama ukuta ulioishiwa chokaa katikati.
"Meno unapiga mswaki. Ulimi umeuacha
kama sakafu ya uvunguni."
Akakwangua ugaga kwenye ufizi, nikatema damu.
Akang'oa gego la kushoto lililotoboka,
ghala la vyakula vya juzi.
"Na maji unakunywa saa ngapi?"

Sinywi. Nina pini mdomoni tangu asubuhi.

"Basi kinywa kimekauka. Mate ndiyo mto;
mto ukikauka, taka hubaki palepale."

Akaniandikia mswaki laini, kikwangulio cha ulimi,
na uzi wa kupitisha kati ya meno.
Uzi! Mimi, fundi, kuuziwa uzi!

Sasa pini zimelala kwenye sifongo, kifundoni mwa mkono.
Chupa ya maji iko kando ya kanyagio.

Jana amerudi yule wa Nyalenda, suti ya kazi mpya.
Nikazungusha futi. Akatazama mabati, akabana.
"Pumua, kijana," nikamwambia, usoni kabisa.
Akasita. Akapumua.

Kumi na tano na robo.