Kidole Juu ya Danubi

Ilinca ameikunjua ramani juu ya makombo ya mkate,
akaibana pembe kwa kikombe, kwa kopo la chumvi,
kwa kiwiko cha kaka yake.
Sibiu hapa. Veliko Tarnovo kule.
"Tushuke na bonde la Olt," asema Octavian,
"malori yatatuchelewesha, ila mto utatusindikiza."
Wanabishana: stika ya barabara inunuliwe wapi,
nani ashike usukani usiku,
na breki za nyuma, zinazolia tangu Pasaka.

Kidole kinafika Danubi, kinasita.

Hapo Giurgiu, mwaka wa themanini na nne,
baba alirudishwa.
Harusi ya dada yake ng'ambo ikachezwa bila yeye.
Keki aliyoipakata njia nzima
askari waliila wima, bila kunawa.

"Siku hizi haulizwi pasipoti," asema Octavian.
"Unavuka kama kizingiti cha jikoni."

Ilinca hajibu. Anaandika:
mafuta, tairi la akiba, blanketi,
kisha, kwa herufi ndogo, keki.

"Tutasimama kidogo darajani."
"Ni marufuku kusimama."
"Basi uendeshe polepole."